Vidole Vyako na Besi Yako

Kasongo, jioni, kesho unasafiri

Salumu mwanangu,

Salamu za kuulizana hali hatuzihitaji, maana tumeonana mchana na tumegombana mpaka mama yako akafunga dirisha ili majirani wasifaidi. Sasa hivi wewe uko kwa Baba Mkubwa Radjabu unaagwa, mimi niko barazani na kalamu, na hasira yangu haijapoa. Nimeona heri niiandike kuliko kuimeza. Hasira ya kumeza huniumiza tumbo tangu ujana.

Sikuandikii habari ya koti, wala dawa ya homa, wala kuamkia wakubwa, wala swala zako. Mama yako amekwisha kuyasema hayo yote, na Radjabu anayarudia sasa hivi, nawe unaitikia ndiyo, ndiyo, huku mawazo yako yako Bukavu. Mimi nina neno moja tu, nalo ni besi. Umesema huendi nayo. Nami nasema unakwenda nayo.

Nianze na ule ugomvi wetu, safari hii bila kelele. Mwenye baa wa Bukavu amekuita upige besi katika okestra yake. Ameandika uje mikono mitupu, vyombo viko, tena vya umeme, na mojawapo ni ile gitaa ya besi ya nyuzi nne ambayo umekata picha yake ukaibandika ukutani juu ya kitanda chako. Nyumba nzima ikafurahi. Radjabu, ambaye miaka yote ameiita besi yangu jeneza la shetani, akasema alhamdulillahi, kumbe Bukavu wana shetani mdogo zaidi. Kisha wewe ukanijia na uso mzuri ukasema, "Baba, bakia na besi yako. Nikiibeba, weye utapiga nini?"

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Hukukosea kunihurumia. Ulikosea kudhani kwamba mtu anayekupa chombo cha kupigia amekupa zawadi.

Mimi nilishawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Hapa mjini palikuwa na mfanyabiashara Mgiriki tuliyemwita Bwana Polepole, kwa sababu hata akitukana alitukana taratibu. Alifungua baa, akaleta kodiani, gitaa mbili, na besi kubwa ya kusimama, mpya, inanukia vanishi. Akatafuta vijana wa kupiga. Rafiki yangu Pita, seremala wa kijiji cha Wamaza, akachukua gitaa. Mimi mwana wa mpiga dufu nikachukua besi, kwa maana ile sauti nene niliisikia miguuni kabla ya kuisikia masikioni, na tangu hapo sikutaka nyingine. Nikajifunza kwenye besi ya Bwana Polepole. Niliifuta, niliilaza, niliifunika kwa blanketi langu mwenyewe, nikawa naiita besi yangu. Mama yako akaniambia, "Unafunika ya mutu, na mutoto wako analala baridi." Nikasema ana wivu.

Miaka ile Wazungu walikuwa vitani kwao, na huku kwetu vita vilifika kwa jina la pamba na mpira. Asubuhi moja, siku ya soko la pamba, agenti wa serikali aliwalaza chini watu ambao mashamba yao hayakumpendeza, wakachapwa kiboko mbele ya wake zao. Mmoja wao alikuwa kaka yake Pita. Jioni ile ile tukaitwa kupiga kwenye karamu ya agenti, katika uwanja ule ule. Mimi nikakataa. Sikusema maneno makubwa na sikuwa shujaa. Nilisema tu, "Leo sipigi, bwana. Vidole inaniuma."

Bwana Polepole alinitazama, akatabasamu kidogo, akasema kwa ule utaratibu wake, "Vidole ni yako, Amisi. Besi ni yangu."

Akampa mtu mwingine. Mtu yule hakujua kitu, alikuwa akivuta uzi mmoja tu kama anayevuta mbuzi, na karamu ikachezwa vilevile. Hilo ndilo lililonichoma, Salumu. Kukataa kwangu hakukumpunguzia mtu yeyote chochote ila mimi. Agenti alicheza, Bwana Polepole aliuza bia, na mimi nilikaa nyumbani na vidole kumi visivyo na kazi. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami siku ile yangu yalionekana na mji mzima. Nikaapa kwamba maisha yangu yote yaliyobaki, vidole na besi vitakuwa vya mtu mmoja.

Sasa sikiliza nilivyonunua. Ucheke, kisha usifanye vile.

Ilikuja habari kwamba Wazungu wa kilabu ya mgodi wanauza besi yao ya zamani. Nikaenda na Pita. Nikaona rangi yake nyekundu kama chai ya rangi, nikaona funguo zake za shaba za kukazia nyuzi, nikalewa bila kunywa. Sikutazama shingo. Sikugonga tumbo. Sikuuliza swali ambalo hata mnunuzi wa kuku huliuliza, kwamba mbona unauza. Karani wa kilabu alisema mwenyewe, "Hii ilikufa, haina sauti," nikamwona mjinga asiyejua kupiga. Tukaifunga juu ya baiskeli, tukaisukuma njia nzima hadi Kasongo, mimi naimba.

Nyumbani nikasikia kitu kinagongagonga ndani yake. Nikaipindua, nikaitikisa, na kwenye lile tundu la tumboni kikatoka kijiti cha mviringo, kinene kama kidole gumba, kirefu kidogo kuliko kiganja. Nikasema, tazama, kipande kilichovunjika, ndiyo maana wameiuza. Nikakitupa uani nikajiona fundi.

Kisha nikapiga. Sauti ikawa ya mtu anayesema akiwa amejifunika gubigubi. Na hapo, mwanangu, nikafanya kosa ambalo naamini hakuna mpiga besi mwingine duniani aliyelifanya, kwa sababu wengine hawakuzaliwa Kasongo kwa baba mpiga dufu. Dufu likilegea unafanyaje? Unaliotesha moto. Kila maulidi babu yako aliwasha majani makavu uani, akazungusha madufu yake juu ya miali mpaka ngozi ikaita, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea majani. Nikajiambia, hii nayo imeingia baridi njiani. Nikawasha moto, nikaiegemeza besi karibu, nikaiotesha tumbo, nikaigeuza nikaiotesha mgongo, huku nagonga na kusikiliza. Ngozi ikipata moto husema ting. Besi ilisema kraa. Gundi iliachia, mgongo ukafunguka kutoka kitako hadi kiunoni. Radjabu alikuwa anapita kwenda msikitini. Alisimama, akatazama, akasema, "Basi, shetani ametoka," akaendelea na safari yake.

Pita akaniambia gundi ya kweli iko misheni, kwenye karakana ya Frere mmoja, bradha wa kanisa aliyefundisha useremala na nyimbo za kanisa. Sisi Waislamu wa mjini tulikuwa hatuingii kule. Tulikuwa tunasema ukienda kuomba msumari utatoka na jina jipya. Nikaingia nimekaza uso. Frere akailaza besi juu ya meza, akapenyeza mkono kwenye ule ufa mpaka kiwiko, akapapasa, akapapasa tena, kisha akaniangalia machoni akauliza, "Roho iko wapi?"

Nikajua yameanza. Nikajibu kwa sauti iliyofanya mafundi wote waache randa zao. "Roho yangu iko kwa Mungu, Frere. Miye nilikuja kutafuta gundi."

Pita akainamisha kichwa. Frere akacheka mpaka akashika meza. "Si yako, weye. Ya besi."

Akachukua kalamu ya seremala akanichorea juu ya ubao. Ndani ya besi, kati ya tumbo na mgongo, husimama kijiti. Kwa Kifaransa chao wanakiita roho. Ukikaza nyuzi, zinalikandamiza tumbo, tumbo linakibana kijiti, na kijiti kinaipeleka sauti mgongoni. Hakina gundi wala msumari. Kinasimama kwa sababu kinabanwa. Ukilegeza nyuzi zote kwa mpigo kinaanguka, na besi inakufa huku machoni ni nzima. Aliponionyesha kwa vidole unene wake na urefu wake, sikusubiri amalize. Nilikimbia kutoka misheni mpaka nyumbani.

"Zaina, ile kijiti iko wapi?"

"Kijiti gani?"

"Ile ilitoka mu besi."

"Aa. Mutoto iko nayo. Meno inamutoka, hataki kuiachia."

Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, mate yamekushuka mpaka kifuani, unatafuna roho ya besi. Nilipokupokonya ulilia hadi ukakauka sauti, na mama yako akaniuliza kama akili yangu niliiacha misheni, baba mzima kumnyang'anya mtoto kijiti. Frere alitaka kukata kipya, nikakataa. Akakikagua, akasema alama za meno pale katikati hazidhuru, ncha ndizo zinazotakiwa zikae sawa. Basi tukagandisha mgongo kwa gundi yake, tukaufunga kwa kamba za Pita na mawe ya mto, na ulipokauka tukakisimamisha kijiti kwa kupitia tunduni, kwa spoki ya baiskeli tuliyoipinda. Nilipovuta uzi mnene, mama yako alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Unajua mwenyewe maana yake, mama yako kuacha chungu motoni.

Bwana Polepole alinirudia baadaye. Nilipiga kwake, sikatai, nilikuwa na nyumba ya kulisha. Lakini niliingia kwa mlango wa mbele, na siku nilipotaka kuondoka niliondoka na besi begani, yeye akinitazama na ufunguo wa stoo yake ya vyombo mkononi.

Tena tulikuwa tunakwenda kupiga mbali. Unaikumbuka habari ya tipoyi, lakini umeisikia kwa Pita, naye huitia chumvi. Kaka yake, yule aliyechapwa, alikuwa anamwoza binti yake kule Wamaza. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, hakuna lori. Misheni palikuwa na tipoyi ya zamani, kile kiti ambacho watu walikuwa wakiwabebea Wazungu mabegani. Tukailaza besi ndani, tukaifunika shuka jeupe, watu wanne wakaibeba mabegani, tukashika njia. Sisi hatukuwa na nia mbaya, tulitaka isilowe. Lakini kila kijiji tulichopita, watu waliinuka. Wanaume walivua kofia. Kapita mmoja, msimamizi wa kijiji, aliwapanga watoto pembeni mwa barabara wapige saluti, akaja mbio akifunga vifungo.

"Nani iko ndani?"

"Mukubwa," Pita akasema.

"Mukubwa gani?"

"Ule wa sauti nene."

Kapita alifunua shuka. Watoto wale walicheka kicheko ambacho bado nakisikia. Habari ilimfikia agenti, tukafungwa kwa kudharau serikali, na besi ikawekwa kwenye baraza ya gereza, polisi akichokoza nyuzi zake akidhani hatumsikii. Walipotufungulia tuliendelea na safari hadi Wamaza, ambako arusi ilikuwa imetungoja, na kaka yake Pita, mwenye makovu mgongoni, akacheza mpaka watu wakamwomba apumzike. Nilifurahi, Salumu. Sijawahi kufurahi vile kabla wala baada. Mtu aliyelazwa chini mbele ya mkewe alikuwa anacheza mbele ya mkewe, na sauti iliyomwinua ilitoka kwenye kitu changu.

Mama yako anasema huyu wa Bukavu ni mwenzetu, ni Mwafrika, si Bwana Polepole. Na watu wanasema Wazungu wenyewe hawatakaa sana, uhuru uko njiani. Vizuri, na uje. Lakini mimi sikuogopa rangi ya Bwana Polepole. Niliogopa ufunguo wake. Ufunguo ukibadilisha mfuko haubadilishi kazi. Siku utakapotaka kukataa kitu, na siku hiyo itakuja, kwa sababu wewe ni mwanangu na una shingo ngumu kama mimi, huyo mwenye baa hatakutukana. Atakuambia maneno yale yale kwa upole ule ule.

Ile gitaa ya umeme siichukii. Ipige, jifunze, na ukipata fedha yako mwenyewe inunue. Mambo ya umeme siyajui, lakini shingo ni shingo. Iweke jichoni, uitazame kama mwindaji anavyotazama mshale, na kama imepinda irudishe hata kama inang'aa. Bonyeza kila uzi kutoka juu mpaka chini, polepole, usikilize mahali unapokwaruza. Geuza kila ufunguo wa nyuzi. Uliza inauzwa kwa nini, na ukijibiwa usijifanye wewe ndiye mjuaji. Na usinunue siku hiyo hiyo. Nenda ukalale, kama kesho bado unaipenda bila vanishi, hiyo ni yako.

Hii kubwa unajua kuitunza, nilikufundisha kwa makelele. Niongeze machache ambayo kelele iliyafunika. Uzi ukichakaa, badilisha mmoja, ukaze, ndipo ufungue mwingine. Usizilegeze zote pamoja hata ukiwa na haraka, hata ukiwa umelewa, hasa ukiwa umelewa. Wakati fulani nilikosa uzi nikafunga waya wa breki ya baiskeli, ukanichana vidole na kuivuta shingo, na mpaka leo uzi wa pili una mahali unapolia vibaya kidogo. Pajue mahali hapo, upapite upesi. Futa jasho kila umalizapo. Isilale juu ya tumbo. Na kule Bukavu nasikia kuna baridi, utasikia sauti imelegea, na mkono wako utataka kuwasha moto, kwa sababu damu ya mpiga dufu haiishi. Uzuie.

Sasa nikuambie nililolifanya, maana tayari limefanyika. Wewe ukiwa huko kwa baba yako mkubwa, mimi na Pita tumeipeleka besi kwa dereva Asumani. Imefungwa juu ya lori, juu ya magunia ya mchele, mbali na injini, imevikwa blanketi. Ni lile lile blanketi, mama yako amelitoa mwenyewe. Asumani ameapa hatashusha kitu mpaka Bukavu, na barua hii hatakupa kabla hamjavuka Luama. Basi kama unaisoma, mto uko nyuma yako. Kasirika upendavyo. Njia ni ndefu, na dereva hageuzi lori kwa sababu ya mpiga besi.

Uliniuliza nitapiga nini. Pita amenitengenezea besi ya sanduku la majani ya chai, kijiti na uzi mmoja. Jumamosi kuna arusi na mimi nitasimama pale pale ninaposimama siku zote. Sauti yake ni mbaya. Nitaipiga mpaka iwe nzuri, na kama haitakuwa nzuri watu wa Kasongo watacheza hivyo hivyo, maana mimi siachi.

Ukifika, tafuta tochi. Mulika ndani ya tundu la upande wa uzi mwembamba, utakiona kijiti kimesimama. Tangu Frere na spoki ile hakijaanguka, na hakuna aliyekigandisha. Na siku yule bwana atakapokuambia vidole ni vyako lakini besi ni ya nyumba yake, usibishane naye. Mpe tochi, mwambie achungulie. Roho ina alama za meno yako.

Mimi niliyekunyang'anya kijiti, na leo nimekirudisha,
Baba yako Amisi